Kanzira Zilizofundishwa Kiu

Mama alikuwa na mbegu za kanzira, mboga yetu ya kienyeji inayofanana na sukuma wiki, alizorithi kwa nyanya yangu, mama yake. Alizihifadhi kwenye mkebe wa kakao, zimechanganywa na jivu. Pale Shinyalu kila mtu alijua kwamba siku moja mkebe ule ungekuwa wangu, mimi binti yake wa pekee.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuja likizo kutoka chuo kikuu, nilikokuwa nasomea mimea, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Mwaka huo panya walikuwa wamekula karibu mbegu zote. Zilizobaki Mama alizisia kitaluni, na chache kwenye sufuria iliyotoboka, hata moja hakuacha. Kisha akaitwa matangani kwa dada yake, kule Lumakanda.

"Hiyo miche usimwagie maji mpaka nirudi," akaniagiza. "Mimi huwa naifundishanga kiu kabla ya kuihamisha."

Nilicheka kimoyomoyo. Kiu nayo inafundishwa? Siku ya pili majani yalilegea, nikaingiwa na huruma, nikachukua kopo. Nilimwagilia asubuhi na jioni kwa siku nne, miche ikanona, nikajipongeza. Niliyoisahau ni minne tu, iliyokuwa kwenye ile sufuria, nyuma ya jiko.

Mama aliporudi alipapasa udongo.

"Umemwagia?"

"Hapana, Mama. Ni umande."

Umande, na kiangazi kile! Hakubishana nami. Tuliihamisha yote shambani, na jua likawaka wiki nzima. Miche yangu minono ililala chini isiinuke tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini langu lilibaki zima. Zilizovunjika ni kanzira za nyanya. Ile minne ya sufuria, midogo na iliyokomaa kwa shida, ilisimama ikazaa mbegu. Mkebe ukajaa tena. Mama akaufungia kabatini na habari za kunirithisha hakuzitaja tena. Niliumia sana, ingawa nilistahili.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma kwamba mmea ukionja ukame, seli zake hutengeneza vipande vidogo mno vya RNA, kemikali inayobeba maagizo ya jeni. Vipande hivyo hunyamazisha baadhi ya maagizo, yakiwemo ya kukua, ili mmea upate nafasi ya kujikinga. Nilifunga safari siku hiyo hiyo kwenda kumweleza Mama. Nilimpenda kupita kiasi siku ile, yeye aliyelijua hilo bila kitabu.

Alinisikiliza huku akichambua mboga.

"Hivyo vitu vidogo umeviona?"

"Kwa macho, hapana. Vinaonekana kwa mashine."

"Kwa hivyo ile miche yangu haikuwa navyo?"

"Ilikuwa na uwezo wa kuvitengeneza, Mama. Haikupata kiu ya kuiamsha." Nikashika mboga, nami nikachambua. "Niliimwagia mimi. Haukuwa umande."

"Ehee," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa nangojanga."

Akafuta mikono kwenye leso, akaingia ndani, na akatoka na mkebe.