Vichwa Tisa na Kopo Moja la Maziwa

Nilihesabu watu wa kwetu kwa sauti, mchana kweupe, nyanya yangu akisikia. Ndio ujinga wenyewe. Asiye Mborana atauliza, kwani kuhesabu ni dhambi? Kwetu watoto na mifugo hawahesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi, unajibu, "Wapo, alhamdulillahi," basi. Anayetaja idadi anaita upungufu.

Lakini mwalimu wa historia alikuwa amenijaza kichwa. Zamani, alisema, kabla ya mashine na viwanda, mvua ikinyesha vizuri watu walishiba; wakishiba wakazaana; wakizaana, chakula kile kile kikagawiwa midomo mingi, na wote wakarudi kwa njaa ya kwanza. Darasa lilisinzia. Mimi nilicheka, maana alikuwa anaeleza nyumba yetu.

Tulihamia Isiolo mjini baada ya ukame kumaliza ng'ombe. Tulibaki na mbuzi wawili wa kukamua. Mbuzi wamechoka, baba amechoka, hata mlango wa bati ulikuwa umechoka kufungwa. Halafu nyanya akaletwa kutoka Korbesa, mguu umevimba, akae nasi hadi apone.

Saa ya chai nikachukua mkaa, nikachora mlangoni: kopo moja la maziwa, vichwa tisa.

"Akko amekuja," nikawaambia wadogo zangu, maana nyanya tunamwita akko, "kila mtu amepoteza funda moja. Na mama akijifungua tutakuwa kumi. Tutalamba sufuria!"

Walicheka hadi mmoja akapaliwa.

Nyanya hakucheka. Alitema mate kidogo kando kufukuza mkosi, akasukuma kikombe chake kwa mdogo wetu kabisa.

"Kunywa wewe. Mimi nimeshiba."

"Akko, nilikuwa natania tu."

"Ulitania vizuri. Nimesikia."

Siku mbili hakugusa maziwa. Siku ya tatu akafunga nguo zake kwa leso, akamwambia baba amtafutie lori la kurudi Korbesa, na mguu bado umefura kama kibuyu. Mimi nilikuwa nasugua mlango kwa maji na mchanga. Ule mkaa ukasambaa tu, ukawa doa kubwa kuliko mchoro. Nikaomba msamaha mara nne. Akasema amenisamehe. Furushi hakulifungua.

Mama akatoka jikoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Hakubembeleza mtu. Alilivuta lile furushi la mama mkwe wake, akaliweka chini, akalikalia. Akapumua kwanza, kama mtu aliyebeba mitungi tangu alfajiri, ndipo akanigeukia.

"Wewe mwenye hesabu, andika upya. Tangu mbuzi wabaki wawili mimi nakunywa chai ya strungi, maziwa sigusi. Kikombe anachopewa nyanya yako ni changu. Hakuna mtu hapa amenyang'anywa kitu. Sasa mpe chai yake, na ukae hapo mpaka aimalize."