Tairi Halikupasuka

Ukoo wetu wote unajua kwamba mama alipofariki, mimi na dada yangu tulichelewa kwa sababu tairi la baiskeli lilipasuka njiani. Wameshawasimulia hata wajukuu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu na mwandiko wangu ni wa mkono uliozoea spana, lakini jambo hili nitaliandika mwenyewe.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli Babati, nyuma ya soko. Ni miaka ile ya foleni ya sabuni na foleni ya unga, magari yamelala kwa kukosa mafuta na tyubu huzioni hata kwa dawa. Mimi nilikuwa najaza tairi majani makavu na matambara, nakaza kwa waya, na mtu anapanda anakwenda Bonga na kurudi. Hakuna aliyenifundisha. Nilishuka kutoka milimani na shuka moja begani, na sasa watu wazima walikuwa wananiita fundi. Jina hilo nililipenda kuliko chakula.

Dada yangu, mkubwa wangu, alikuwa ameolewa Nangara na karani kutoka mkoa mwingine. Mwaka ule mtoto wao mchanga alifariki. Kwetu juu, mwanamke aliyefiwa namna hiyo alikuwa anawekwa kando kwa miezi mingi. Tunaita metimani. Haingii nyumba za watu, hachoti maji penye wengine, na akiona mtu njiani anapaza sauti toka mbali ili apishwe. Anayemgusa naye anahesabiwa humo. Kanisani tulikatazwa mambo hayo, tukaitikia amina, na tukitoka nje tunaendelea kupishana vile vile.

Basi Jumamosi moja akaja mtu wa nyumbani, akasimama mbele ya kibanda changu bila kukaa.

"Mama yenu hali chakula tena," akasema. "Anamtaka dada yako. Anajua hali yake. Anasema asiingie uani, asimame tu ng'ambo ya kijito amwone. Baba yenu mdogo anasema msikawie."

Nikaenda Nangara jioni ile ile. Dada alikuwa amekaa nyuma ya nyumba peke yake, anachambua maharage. Hakulia. Alisema, "Kuna lori la mbolea linapanda Jumatatu. Nitakaa juu ya magunia, peke yangu."

"Na stendi? Na watu watakaodandia?"

"Nitawaambia. Asiyetaka atashuka."

Shemeji akacheka mlangoni. "Nyie watu wa mlimani! Mkate wa Bwana mnakula mmoja, halafu mnakimbiana barabarani. Mpandishe lorini, shemeji, mama anamsubiri."

Nilimwambia shemeji kwamba hajui mambo yetu. Nikamwambia dada nitampeleka kwa baiskeli, kwa njia ambayo hatutakutana na mtu hata mmoja. Nilisema ni kwa ajili yake. Uongo. Nilikuwa namwona dada yangu akipaza sauti katikati ya stendi, na wateja wangu wote wamesimama wanasikia.

"Njia hiyo unaijua, fundi?" akaniuliza.

"Nitaipanga."

Nikaipanga kweli, kazi yangu sikuzote naifanya kwa ukamilifu. Jumapili na Jumatatu kila aliyeleta baiskeli kutoka upande wa juu nilimhoji. Umepitia wapi? Umekutana na nani, saa ngapi? Wanawake wanachota maji wapi? Sikuwa mtu wa karatasi, kwa hiyo nilichukua kamba ya katani nikafunga fundo kila mahali penye watu: kisima, shule, mashine ya kusaga, kanisa. Halafu kwa kila fundo nikatafuta njia ya kulizunguka: pembeni ya mashamba, kwenye makorongo, na pale pa kupandia ukuta wa bonde, njia ya zamani ya ng'ombe badala ya barabara. Lori lilipita Jumatatu saa nne. Nililisikia likipanda gia, nikainamia kamba yangu.

Jumanne nilikwenda mwenyewe kuipima njia hadi chini ya mlima. Jumatano dada akaleta ujumbe kupitia shemeji: twende leo. Nikajibu kesho, maana kesho ni siku ya mnada na watu wote watakuwa wameshuka. Kila kitu kilikaa sawa kwenye kamba.

Alhamisi tuliondoka kukipambazuka. Dada alikaa kwenye karia, kitenge amejifunika kichwani, kifurushi kidogo cha sukari mapajani. Sukari hiyo aliiweka tangu kabla ya msiba wa mtoto. Tairi la nyuma nililijaza majani mapya, lilikuwa linanguruma kwenye changarawe lakini likashika vizuri. Tukapita mabondeni. Hatukuona mtu.

Chini ya mlima tu, mzee mmoja alitokea mbele yetu na mzigo wa kuni. Kabla dada hajapaza sauti, yule mzee aliweka kuni chini, akavua kofia, akaingia kwenye mahindi akasimama. Hakuamkia wala hakujibu tulipomwamkia. Alituangalia mpaka tukapita.

"Anatujua," dada akasema.

"Amekuogopa," nikasema. "Sukuma."

Tulipanda kwa miguu, mimi nimeshika usukani, yeye anasukuma kwa nyuma. Jua lilipofika kichwani tukawa juu, dada akarudi kwenye karia. Hewa ya kwetu ni baridi hata mchana, na sauti inakwenda mbali. Siku ile hapakuwa na sauti. Tukalipita fundo la mashine ya kusaga: kimya. Nikasema dizeli imekosekana, na kweli ilikuwa inakosekana. Tukazunguka shule: kimya. Nikasema walimu wamekwenda kutafuta unga. Mambo yalikuwa mabaya kiasi kwamba kila kitu ukikiona kimesimama, sababu unayo tayari mdomoni.

"Umeona, dada?" nikamwambia. "Watu sifuri. Nani mwingine angeweza kukupitisha hivi?"

Alikuwa anaangalia shamba la ulezi. Ndege wamelijaa, wanakula, wanaruka, wanarudi, na hapakuwa na kikongwe wa kuwafukuza. Shamba lililofuata lilikuwa limepaliliwa nusu, majembe yamelala kwenye mstari palepale kazi ilipoachwa.

"Wamekwenda mnadani," nikasema.

"Vikongwe pia?"

Nikaendelea kukanyaga. Mbele kidogo tukasikia ng'ombe wanalia ndani ya nyumba, maana kwetu hulala humo na watu. Ilikuwa saa nane mchana na hawajafunguliwa kwenda malishoni. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu.

Dada alishuka kwenye karia baiskeli ikiwa bado inakwenda.

"Mdogo wangu," akasema. Si fundi tena. "Kwetu watu wanaweka jembe chini lini?"

Nilijua. Kila mtoto wa kule anajua. Siku ya msiba hakuna anayelima mpaka maiti izikwe, na hakuna anayebaki nyumbani ila mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeyaona yote hayo tangu tulipomaliza mlima, na nilikuwa nayahesabu kuwa sifa yangu. Nikamwambia labda ni mzee mwingine, wazee ni wengi. Akaanza kutembea mbele yangu, haraka, kifurushi amekikumbatia.

Tulipofika juu ya kijito tukauona ua wetu ng'ambo. Watu wa kijiji kizima walikuwa pale, wamekaa chini. Kando ya zizi palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, na wanaume wanapiga makoleo kuusawazisha.

Dada alisimama. Halafu akapaza sauti, kwa lugha yetu, kama mwiko unavyotaka, kwamba yeye yuko hapa na watu wasisogee. Sauti ile siku ya Jumamosi niliihofia isisikike stendi. Sasa ilivuka kijito na watu wote wakageuka.

Mimi nikashika njia kuteremka. Baba mdogo akainua mkono.

"Wewe umembeba?"

"Nimembeba."

"Basi kaa huko huko naye."

Mwana wa kiume wa pekee, nikakaa huko. Akateremka shangazi mpaka ukingoni kwa maji, uso umevimba kwa kulia.

"Mlikuwa wapi nyie?" akatupigia kelele. "Jumatatu tulimtoa nje, akakaa kwenye ngozi anaangalia hapo hapo mliposimama. Lori likapita, akasema huyo anakuja. Jumanne akataka tena nje. Jana alikataa kurudishwa ndani hadi jua linazama, tukamwingiza ameshakata kauli. Mlikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Dada akanitangulia.

"Tairi lilipasuka, shangazi. Mara mbili. Amesukuma baiskeli siku tatu, angalia miguu yake."

Shangazi akaangalia miguu yangu yenye vumbi. "Matairi ya siku hizi," akasema, na sauti ikashuka. "Pole, mwanangu. Umejitahidi."

Nikasema ahsante. Nimeishi na ahsante hiyo.

Usiku tulilala kwenye kibanda cha kulindia ulezi. Shangazi alituachia uji juu ya jiwe, na dada akaacha sukari juu ya jiwe hilo hilo. Asubuhi nikatoa kamba yangu ili turudi tulivyokuja. Dada hakuiangalia. Alishika barabara kuu, katikati kabisa, anatembea, na kila alipoona watu anapaza sauti. Wanapisha. Wengine wanavua kofia. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nyuma yake nakokota baiskeli nzima isiyo na kasoro yoyote.

Kabla ya mteremko lori la mbolea likatukuta, linarudi tupu. Dereva akatoa kichwa.

"Mama, panda."

"Nina mwiko wa msiba. Usinikaribie."

"Nami gari langu linanuka mbolea. Panda nyuma, hakuna atakayekugusa."

Akapanda. Dereva akaniuliza kama na mimi napanda, baiskeli itapata nafasi. Nikamtazama dada. Alikuwa amekaa ameegemea ubao, ananitazama bila hasira yoyote, akisubiri nijibu mwenyewe.

Nikasema tairi ni zima, nitashuka na baiskeli.