Tekla Hakuwa Pumu

Enzi zetu, mtaani kwetu Lizaboni, asubuhi za Juni zilikuwa na baridi ya kukunja vidole. Tulitoka nyumbani na kiazi cha moto mfukoni, mkono mmoja umeshika fagio la vijiti, mwingine unajipasha joto kwenye kiazi. Kabla ya kengele tulifagia uwanja wa shule, na vumbi jekundu likapanda hadi magoli yasionekane.

Tekla, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, aliruhusiwa kunyunyiza maji tu, kwa sababu ya kifua chake. Sisi tulimwita Pumu. "Pumu, leo umeamka na filimbi kifuani?" nilimtania, wenzangu wakacheka. Naye alicheka, nikadhani hakuna ubaya.

Siku moja akashika fagio. "Nimechoka kuitwa hivyo," aliniambia. Hakufika hata katikati ya uwanja. Alikaa chini, mabega yakipanda na kushuka, akitafuta hewa. Mama yake alikuja kumbeba mgongoni. Wiki nzima nilikaa peke yangu kwenye dawati, na ikasemekana hatarudi tena.

Mama yangu alipojua, aliniketisha jikoni.

"Neno pumu halina kosa, mwanangu. Limezaliwa nyumba moja na pumua na pumzi. Linataja ugonjwa wa kubanwa pumzi. Kwa hiyo sema Tekla ana pumu. Lakini yeye mwenyewe siyo pumu. Padri alimbatiza kwa jina hilo?"

"Hapana, mama."

"Haya, vaa kandambili twende."

Tulimkuta uani, anaota jua kwenye mkeka. Nilimwamkia mama yake shikamoo, kisha nikaketi kando ya mkeka.

"Tekla, turudi shule. Nitafagia, wewe nyunyiza."

Aligeuka kunitazama. "Na wale wengine?"

"Nitawaambia."

"Waambie kwanza, halafu tutaona."

Niliwaambia, wakanicheka siku mbili, wakachoka. Jumatatu Tekla alikuja.

Siku hizi mjukuu wangu hutamka bila aibu, "Bibi, nina pumu," akatoa kichupa chake cha kuvuta dawa mfukoni, akavuta, kisha akarudi kwenye mchezo wa mpira wa kwenye simu, ambako vidole tu ndivyo vinavyokimbia. Moyo wangu hufurahi kumsikia. Lakini juzi nilimuuliza jina la mtoto wa jirani, anayepanda naye gari la shule kila asubuhi.

Hakuinua macho kwenye simu.

"Yule wa geti jeusi? Jina lake silijui, Bibi."