Nilinena kwa lugha, kumbe nilikuwa nataja spea za gari

Wakuu, habari za mchana. Humu nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi, leo nimeamua kufungua mdomo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na kama ningetaka kudanganya ningejipamba kidogo, maana hapa najianika tu.

Naitwa Nafula. Nauza spea za magari town, kaunta ile ile, mwaka wa tisa sasa. Naishi Kabiria na kanisa langu liko huko huko, la mabati, watu kama mia hivi.

Huduma yangu kanisani ni kutafsiri mahubiri kwa sign language, nikiwa madhabahuni kando ya pasta. Dada yangu mkubwa ni kiziwi, kwa hiyo nilijua kuongea kwa mikono kabla sijajua kusoma.

Tuna viziwi wanne, wanakaa benchi ya mbele upande wa kushoto. Mmoja ni Njoroge, fundi wa magari karibu na Jamhuri. Nisipokuwepo, kwao ibada ni kuangalia mtu akitoa jasho bila sauti.

Sasa tukaletewa pasta mpya. Mtu mzuri, sitaki kumsema vibaya, lakini akishika neno ameshika. Jumapili yake ya pili tu akatangaza:

"Hakuna mtu atasimama kwa hii madhabahu kama hajajazwa Roho. Na alama ni moja, kunena kwa lugha. Mwisho wa mwezi kila mtu wa huduma tutamuombea hapa mbele, tuone."

Tangazo hilo nililitafsiri mimi mwenyewe kwa mikono hii. Njoroge akaniuliza, "Na wewe unayo?"

Nikamjibu, bado.

Mnielewe wakuu. Mimi naiamini karama hii. Marehemu nyanya yangu alikuwa akinena huku anachambua mboga, polepole, na ukimsikia unajua kabisa huyu anaongea na Mungu. Kwa hiyo niliitaka kwa moyo wote.

Nikafunga siku saba. Kila lunch hour nikawa naenda yale maombi ya town, ukumbi umejaa watu wa ofisi, bado wana beji za kazi shingoni, wananena moto moto. Mimi nimesimama katikati yao, mdomo mkavu, nawaza kama tumebakisha beringi za nyuma. Iliniuma sana, sitawaficha.

Dada mmoja huko akanihurumia. "Wewe unafikiria sana. Fungua mdomo tu, anza na neno lolote lenye litakuja, Roho atamalizia."

Jamani. Neno lolote.

Siku ikafika. Pasta akanishika kichwa, kinanda kinalia, watu wamefumba macho. "Achilia, sister! Achilia!" Mimi nawaza wale wanne tu. Nikitolewa hapa, nani atawaambia kinachosemwa?

Nikafungua mdomo.

"Shokomsoba."

Naapa sikupanga. Miaka tisa kwa kaunta nikiuza shock absorber za magari, ndilo neno lililokuwa karibu. Na likishatoka moja, mengine hayaulizi njia. "Shokomsoba bushi, bushi beringi, gasketi kamshafti, shokomsoba!" Mbio mbio, na machozi juu.

Pasta akaruka. "Haleluya! Ameshika!" Akina mama wakapiga vigelegele.

Kanisa zima lilikuwa limefumba macho isipokuwa benchi moja. Kiziwi akifumba macho amebaki na nini? Na Njoroge husoma midomo, si ya mahubiri, ya mambo ya magari tu. Ndivyo anavyoelewana na wateja wake kutwa, na maneno yale ndiyo anayoyajua kuliko yote duniani.

Akainua mikono taratibu. "Shokomsoba ya mbele ama ya nyuma?"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Watu wakadhani ni furaha ya Roho.

Halafu akaniuliza lingine, na safari hii hakuwa anatania. "Na hizo Jumapili zingine, ulikuwa unatuambia ukweli?"

Kicheko kikakatika. Hawa wanne hawana njia ya kunikagua. Chochote nikiwaambia pasta amesema, ndicho amesema. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nikageukia kanisa, nikasema kwa sauti na kwa mikono pamoja: "Sijanena. Hayo ni majina ya spea. Bado sijapewa."

Pasta akaniangalia weee. "Sister, shuka."

Nikashuka. Lakini nilishuka madhabahuni, sikushuka kazini.

Jumapili iliyofuata nilisimama chini, mbele ya benchi yao, nikaanza kutafsiri kama kawaida. Mzee mmoja wa kanisa akaja kuninong'oneza. "Mama, si uliambiwa?"

"Mzee, pasta alisema madhabahu. Hapa ni simiti."

Akarudi kukaa.

Katikati ya mahubiri pasta akaanza kunena kwa lugha. Nikashusha mikono, kama ninavyofanya siku zote, maana sina cha kutafsiri. Njoroge akasimama, akainua mkono kama mtu yuko darasani, kisha akauliza kitu kwa ishara.

Pasta akanyamaza. "Huyo anataka nini?"

Watu wakaangaliana. Hakuna aliyejua. Mwisho wote wakanigeukia mimi.

"Anauliza umesema nini, pasta."

Akafuta jasho. "Mwambie hata mimi sijui. Ni kati yangu na Mungu. Mwambie asante kwa kuuliza."

Nikamwambia vile vile, bila kuongeza wala kupunguza. Njoroge akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Mpaka leo sheria haijaondolewa na mimi sijarudishwa juu. Ni sawa. Simiti naijua sasa na sitoki hapo. Karama bado naiomba, lakini neno lolote sitatumia tena. Likija, lije lenyewe.

Nilichojifunza ni kwamba asiyeweza kukukagua ndiye usiyetakiwa kumdanganya kabisa, hata kwa faida yake.

Wenye karama hii, ilianzaje kwenu? Niambieni kwa ukweli. Wa kucheka nao wacheke, nimezoea. Njoroge akija dukani kununua shokomsoba, siku hizi huwa anafumba macho kwanza na kuinua mikono juu.