Mndimu wa Mama na Uchafu wa Mke Mwenzangu

Tangu mke mwenzangu ahamie ng'ambo ya ua wetu hapa Kasubi, sijawahi kufurahi bustani yake ikipendeza. Nasema wazi, maana wanaonijua wanajua. Nina donge naye, na donge langu lina sababu.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya Waislamu wa zamani wa Kampala, watu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki. Kwetu mwanamke hupimwa kwa ua wake. Kabla ya chai, ufagio. Jani likianguka, liokotwe. Takataka zikusanywe pembeni zichomwe moto. Mgeni akipiga hodi asikute kitu chini ila mistari ya ufagio. Hata matuta ya mboga niliyafagia. Kila msimu nililima udongo wote chini juu mpaka ukawa laini kama unga, nikatia mbolea ya dukani, nikaongeza na nyingine juu yake, nikaona kazi imekwisha.

Mwenzangu ni binti wa askari polisi kutoka kaskazini, amekulia kambini. Mume wetu alimwoa wakati binti yangu yuko sekondari. Yeye na ufagio hawapatani kabisa. Majani ya mgomba yakianguka bustanini, anayaacha. Mabua ya mahindi anayalaza palepale. Bodaboda ikimletea gunia la maganda ya kahawa, anayamwaga juu ya udongo kama anatupa taka, kisha huyoo, ndani, kusuka nywele. Halafu, heh! Sukumawiki yake ina majani ya kufunikia sufuria. Nakati zake, zile mboga chungu ambazo mume wetu anazipenda kuliko nyama, anazivuna na zinachipua tena. Zangu jua likikaza kidogo zinalala chali, na mvua ikija inabeba udongo wangu mwekundu mpaka mtaroni. Wake hausogei.

Mume wetu akitoka kazini Nakasero alikuwa anapita kwake kwanza, "kutazama mboga." Kutazama mboga! Na mimi nimesimama mlangoni kwangu, ua unang'aa, roho inaniuma.

Mboga ningezivumilia. Kilichonikosesha raha ni mndimu. Marehemu mama alikuwa na mndimu uani kwake, na ndimu zake ndizo alizotutengenezea achari kila Ramadhani. Alipofariki nyumba iliuzwa, mti ukakatwa, sasa pana ghorofa la maduka. Kabla haujakatwa niliuona mche umejiotea chini yake, nikauchimbua, nikaubeba ndani ya kopo la samli mpaka Kasubi, nikaupanda uani. Mama hakuniachia kingine kilicho hai. Nimejaribu achari kwa ndimu za sokoni, siyo yenyewe. Basi mti huo, upande wangu, shina limefagiwa mpaka mizizi ya juu ikatokeza, ulianza kuwa manjano na kupukutisha majani. Kila asubuhi nilikuwa nafagia majani ya mti wa mama yangu na kuyachoma.

Binti yangu sasa anasoma kilimo chuo kikuu. Nilimwita. Akaja, akachimba kidogo karibu na shina, akanusa udongo, akakunja uso. Halafu bila kuniuliza akavuka mpaka wa matofali, akaenda kule. Nikamwona kachuchumaa na mama yake mdogo, wanacheka, mikono imejaa udongo. Mtoto niliyemzaa mimi! Akarudi na bonge jeusi kiganjani, limeshikana vizuri, juu yake majani yaliyooza yana nyuzi nyeupe nyembamba.

"Ukungu," nikasema. "Si nilisema ni uchafu?"

"Ni kuvu, mama, lakini si uchafu. Hizi unazoziona zinaozesha majani yawe chakula. Ziko nyingine nyembamba zaidi, kwa macho huzioni, zinaingia ndani ya mizizi yenyewe. Mmea unazipa sukari, na zenyewe zinatambaa mpaka mahali mzizi haufiki, zinauletea maji na madini ya fosforasi. Halafu zinazishika chembe za udongo pamoja. Ndiyo maana mvua haiubebi udongo wa mama mdogo."

Mama mdogo, mama mdogo. "Na kwangu zimekwenda wapi?"

"Kwako unazikatakata kwa jembe kila msimu. Majani unazinyang'anya. Na kwa mbolea yote hiyo, mmea unaona hauna haja ya kuzilisha. Mindimu na jamii yake huzitegemea sana, mama. Tumwombe mama mdogo udongo wenye mizizi, tuutie hapa."

Tumwombe! Nikageuka, nikashika ufagio. Akaenda kuomba mwenyewe, akaniletea ndoo imejaa, akaniambia niumwage kwenye mizizi nikiondoa udongo wa juu kidogo tu. Kisha akawahi gari la chuoni.

Nikabaki mimi na ndoo. Nikachungulia ndani: vijizizi, majani meusi, nyuzi, mnyoo anajikunja. Astaghfirullah. Yaani mti wa mama yangu niulishe takataka za mke mwenza, hivihivi? Nikachukua chekeche, nikauchekecha mpaka ukabaki udongo mtupu. Nikachemsha birika la maji, nikaumwagia wote, kama tunavyosuuza chupa za mtoto. Nikauanika juani juu ya mkeka chakavu. Ulipokauka nikauweka kwenye shina, nikausawazisha kwa kiganja, nikafagia pembeni. Ulipendeza kweli. Niliona nimeshinda: nimepata udongo wake bila uchafu wake.

Majani yakaendelea kuanguka. Tawi moja likakauka kabisa. Nikampigia binti yangu simu, nimekaa barazani, spika ya simu imefunguliwa.

"Uliuweka vilevile ulivyokuja?"

"Niliusafisha kwanza."

"Uliusafisha na nini?"

"Na maji ya moto. Na nini kingine?"

Akaangua kicheko. "Mama! Umeupika! Umeziua kuvu zote!"

Mwenzangu alikuwa anaanika nguo. Alisikia kila neno. Akaja mbio, kanga iko begani, anajishika mbavu. "Dada, wewe umepika udongo yangu? Uliweka na chumvi?" Nilitamani ardhi inimeze. Halafu akautazama mti, kicheko kikakatika. "Hii ndiyo mti ya mama yako?"

Nani kamwambia? Binti yangu, nani mwingine. Nikainama kuokota jani, maana ningefungua kinywa ningelia mbele yake, na hilo nisingempa.

Akaondoka, akarudi na karai la udongo wenye mizizi yake yote. Akapiga magoti, akausogeza udongo wangu kwa vidole, akaweka wake, akafunika kwa majani makavu ya mgomba. Kuzunguka mti akapanda maharage. "Hapa usifagie," akasema. "Hata kidogo, Dada. Na jembe hapana."

"Umejifunza wapi haya?"

"Sijajifunza. Mimi nachukia kufagia tu."

Wallahi, hilo liliniuma kuliko yote. Angekuwa amesoma ningemeza. Lakini uvivu! Mimi mgongo umepinda kwa ufagio, na huyu anabarikiwa kwa uvivu!

Nikajikaza kisabuni. Majani yalilala kwenye ua wangu, nikayapita. Wifi yangu alikuja kunitembelea, akatazama chini, akaniuliza taratibu kama naumwa. Nilijipa moyo kwa jambo moja: mti ukipona tu, nitang'oa maharage ya yule mwanamke mpaka la mwisho, nimrudishie kwenye karai lake, nifagie, na kila mtu abaki upande wake.

Mti ukapona. Ulitoa majani mapya, kijani kinachong'aa, halafu siku moja baada ya mvua, nikiwa jikoni, nikasikia harufu ya maua yake. Nilitoka, nikalia sana peke yangu. Nilipomaliza kulia nikaenda kuchukua jembe.

Binti yangu alikuwa nyumbani likizo. "Unakwenda wapi na hilo?"

"Kumrudishia mtu maharage yake."

"Mama, ukiyang'oa ukaacha udongo uchi, unarudi pale pale. Kuvu zinaishi kwa mizizi iliyo hai. Zile za mama mdogo ndizo zinazoulisha mti wa bibi sasa, na maharage yanasaidia kuzilisha. Yakikomaa yakate juu, mizizi iache, na pasikose kitu kinachoota hapo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lini tena, mama? Siku zote."

Niliegemeza jembe ukutani. Asubuhi yake mwenzangu akavuka matofali bila hodi, bakuli mkononi, akapiga magoti chini ya mti wa mama yangu, akaanza kuchuma maharage huku akiimba kwa lugha ya kwao. Mume wetu alikuwa anatoka kwenda kazini, akasimama, akatabasamu. Kwa nani, sijui. Wivu ulinijaa mpaka masikioni. Nikafungua kinywa nimfukuze.

"Ukimaliza kuchuma," nikamwambia, "panda mengine."