Alichosema Kirsty Mbele ya Kijiji

Mama akinyimwa masikio, hubaki na macho. Tangu baridi ilipoanza, Lorraine Tranter aliona kwamba binti yake Kirsty hali vizuri. Viazi vilisukumwa kando ya sahani, mlango wa chumbani ulifungwa mapema, na akiulizwa ana nini, jibu lilikuwa lile lile: "Sina kitu, Mama." Lakini uso wa msichana haujui kudanganya kama mdomo wake.

Lililomuuma zaidi ni kwamba kulikuwa na mtu anayejua. Kirsty alizoea kuegemea ukuta wa mawe wa nyuma ya nyumba, akizungumza Kiwelisi na jirani yao, Bi Nerys Pugh. Lorraine akianika nguo pale karibu, alisikia kila sauti na hakupata hata neno. Akisogea tu, Bi Nerys aligeukia Kiingereza: "Mama Kirsty, leo jua limetukumbuka."

Ndiyo adabu ya kijiji kile cha Wales. Mwingereza mmoja akiingia, ukumbi mzima huacha lugha yake ili asijione mgeni. Na kwa adabu hiyo hiyo, hubaki mgeni mpaka anazikwa.

Si kwamba hakujaribu. Walipohamia huko kutoka mji wa Walsall, Uingereza, Kirsty akiwa bado mdogo wa kubebwa, alikwenda darasa la jioni. Akajifunza kusalimu, kuomba mkate, kusifu hali ya hewa. Akaenda dukani, akasalimu kwa Kiwelisi huku mashavu yakimwiva. Muuza duka akamjibu kwa Kiingereza. Kesho yake vile vile. Mtu hajifunzi kuogelea kwenye maji yanayokauka kila akitia mguu.

Halafu kulikuwa na mumewe, Gary, fundi bomba.

"Unajisumbua nini?" Gary alimwambia. "Wote hawa wanajua Kiingereza. Wasiojua labda ni kondoo wao."

Lorraine akacheka, na darasani hakurudi. Kucheka ni kazi nyepesi kuliko kujifunza. Na mtu aliyezaliwa na lugha ambayo watu wa dunia wanahangaika kumjia nayo, njaa ya lugha nyingine ataitoa wapi?

Kirsty yeye alianza shule, na Kiwelisi kikamkaa mdomoni pamoja na meno yake. Siku za mwanzo alikileta mezani. Gary akamkatiza: "Hapa tunasema lugha ya watu. Hayo makohozi kateme nje." Lorraine akacheka tena, ili chakula kiliwe kwa utulivu. Mtoto akajifunza kula kimya.

Mwezi wa tatu ulikuja na mashindano ya utunzi ya kijiji, kwenye ukumbi wa kanisa. Mtunzi hushindana kwa jina la kubuni, hata majaji hawamjui. Jaji husimama, husoma vipande vya kazi iliyoshinda, kisha hulitaja lile jina, na mwenye nalo huinuka alipo. Hupelekwa jukwaani, akakalishwa kwenye kiti cha ushindi.

Gary alikataa kwenda. Lorraine alikaa safu ya mbele pamoja na Bi Nerys, Kirsty nyuma na wenzake. Jaji, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito, akaanza kusoma. Ukumbi ukatulia. Mwanamke mmoja akatoa leso, na wa pili. Lorraine akatengeneza uso wa huzuni, kama wao.

"Kinahusu nini?" akamnong'oneza Bi Nerys.

"Msichana na mama yake."

"Ni kizuri?"

Bi Nerys hakumtazama. "Kizuri mno."

Jaji akataja jina. Viti vikalia nyuma, watu wakageuka, na aliyesimama alikuwa Kirsty. Lorraine akaruka kwa furaha, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ndipo alipoona kwamba watu hawamtazami Kirsty tena. Wanamtazama yeye, kwa upole, vile watu wanavyomtazama mfiwa.

Kwenye chai alibeba sahani yake ya keki, akayaendea makundi. Kila alipofika, Kiwelisi kilizimika.

"Hongera, Mama Kirsty. Binti ana kipaji."

"Alisema nini lakini?"

"Maneno mazuri sana. Umeionja hii keki ya zabibu?"

Mwishowe akambana Bi Nerys, aliyekuwa akiosha vikombe penye karo. "Jirani, nakuomba. Mwanangu amesema nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nikikwambia, nitakuwa nimekuibia."

Wakarudi nyumbani kwa miguu, mama na mwana. Lorraine alisubiri wapite taa ya mwisho.

"Niambie, mwanangu. Vyovyote ilivyo."

"Nimeandika kuhusu nyumba yetu," Kirsty akasema. "Msichana anakula na wazazi wake kama mpangaji. Baba anaitukana lugha yake na mama anacheka. Huyo msichana akimaliza shule anaondoka, anakwenda kaskazini kuishi kwa dada wa jirani yao, na hakusudii kurudi."

"Wewe unaondoka?"

"Mwezi wa tisa. Kwa dada yake Bi Nerys, Bangor."

"Na mimi mama yako ulinificha?"

"Sikuficha. Nimesema ukumbi mzima ukisikia. Wewe ulikuwa mbele kabisa, Mama, na ulipiga makofi kuliko wote."

Lorraine akasema atajifunza Kiwelisi, ataanza wiki ile ile, Kirsty atamfundisha. Binti akamshika mkono, na huruma ya mkono ule ikauma kuliko maneno. "Usijichoshe," akasema.

Siku chache baadaye simu ililia ukumbini mwa nyumba. Kirsty akapokea, akaanza kupanga kwa Kiwelisi mambo ya chumba chake kipya. Lorraine alikuwa kwenye ngazi na kapu la nguo, akasimama kusikiliza. Alisikia jina la Bangor. Alisikia mwanawe akicheka, kicheko kirefu ambacho mezani kwake hakijawahi kufika. Kirsty aligeuka, akamwona mama yake pale ngazini, akaendelea kuongea kwa sauti yake ile ile. Hakuwa na haja ya kuishusha.