Watu wa Melkiori

Melkiori Kapalata aliingia Dar es Salaam kwa garimoshi mwaka ule bei ya mkonge ilipoanguka, mashamba ya Kimamba yakawaachisha kazi vibarua, yeye akiwa mmoja wao. Alikuwa na kifurushi kimoja na jina la mtu mmoja, mwenzake wa Tabora aliyekuwa akikaa Mtaa wa Msimbazi. Alipofika akaambiwa mtu huyo kesharudi bara. Alichokuwa nacho kikaishia hapo.

Akajaribu bandarini. Kila asubuhi alisimama langoni katikati ya kundi la watu, amevimbisha kifua ili mnyapara amwone mabega. Mnyapara hakuwa na haja na mabega. Aliita majina tu: shemeji yake, jirani yake, mtoto wa rafiki yake. Wasioitwa walirudi mjini wakikokota miguu. Melkiori hakununa. Alitazama, akaelewa kwamba katika mji huu mtu huingia kazini kwa mdomo wa mtu mwingine, na yeye hana hata mdomo mmoja wa kumtaja.

Siku moja akirudi kutoka huko alipita kichochoro cha nyuma ya soko la Kariakoo, akasikia kilio. Akauliza nani kafiwa. Akajibiwa kwamba aliyekufa ni Mzee Sadalla, Mzaramo wa zamani wa mtaa ule.

Babu yake Melkiori alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na alipenda kuwaambia wajukuu: mkifika kwa Wazaramo mmefika kwa watani. Watawatukana nanyi mtawatukana, lakini hamtalala njaa, na mtu akifa mtazikana. Melkiori alikuwa Mkristo, na msiba ule ulikuwa wa Waislamu, tena hapakuwa na hata mmoja aliyemjua. Alisimama pale akiwa na woga. Kisha akaona jeneza linatolewa, akaenda akajilaza kizingitini.

"Huyu haendi kokote," akasema. "Babu yangu alitembea miezi na pembe begani, na huyu mzee wenu alikuwa amekaa hapa anakula nazi. Leo anataka kubebwa yeye? Kwanza mnilipe ujira wa babu."

 Wanaume waliobeba jeneza wakatazamana. Ndipo mwanamke mmoja akasikika kutoka ndani, sauti imekauka kwa kulia, akicheka. Alikuwa Sitara, binti wa marehemu, aliyeuza mihogo sokoni.

"Nilikuwa nasikitika baba anazikwa bila mtani," alisema. "Kumbe Mungu kamleta. Mtupieni senti huyo mpagazi ainuke, halafu mpeni sepetu."

Melkiori akainuka, akafuatana nao makaburini, akafukia mpaka viganja vikamchubuka. Kesho yake akarudi matangani. Akapasua kuni, akateka maji, akawatukana wafiwa mmoja mmoja mpaka wakasahau kulia. Hakuomba kitu. Matanga yalipovunjwa, Sitara akamwita uani.

"Mnyamwezi, kazi yako nini?"

"Kutafuta kazi, bibi."

Sitara akajitupia kanga begani, akamwongoza hadi dukani kwa Saif bin Muhiddin, Mwarabu aliyeuza nafaka kwa jumla Mtaa wa Msimbazi. Saif alikuwa mtu mzuri lakini mwenye tahadhari. Alimtazama Melkiori toka juu hadi chini.

"Bi Sitara, mimi simjui mtu huyu."

"Mimi namjua, Bwana Saif. Kamzika baba yangu."

Saif hakuuliza tena. Siku hiyohiyo Melkiori akaanza kubeba magunia.

Wengine wangepata kazi wakatulia. Yeye alikuwa amekwisha kuona mlango unavyofunguka, akataka kuwafungulia na wengine. Alikuwa na tabia ya kusikiliza shida ya mtu huku akikumbuka mtu wa pili. Masika yalipokaribia, Saif alilalamika kwamba ghala lake linavuja na mafundi wanamzungusha. Melkiori akakumbuka kwamba wakwe zake Sitara kule Magomeni ni wasukaji wa makuti, na mwaka ule hawakuwa na mnunuzi. Jumapili baada ya misa akaenda kwa miguu hadi Magomeni, akarudi nao. Ghala likaezekwa upya, na wasukaji wakapata mteja wa kila mwaka.

Saif akamwita pembeni. "Wewe umekula kiasi gani hapo katikati?"

"Sijala kitu, bwana."

"Kwa nini?"

Melkiori akafikiri. "Nikila leo, kesho wakiniona watafunga mlango. Nisipokula, watanikaribisha."

Saif alisimulia jibu hilo kwa wenye maduka wenzake, nao wakaanza kumwita Melkiori kwa jina. Baada ya muda akapata rukwama, lile gari la mbao linalovutwa kwa mkono, akakusanya vijana wa makabila mbalimbali wakawa wanasafirisha mizigo ya maduka kutoka stesheni. Kwa kila mfiwa alifika, kwa kila mgonjwa alipiga hodi, na majina ya watoto wa watu aliyajua. Hakufanya hivyo kwa hila. Aliwapenda watu kweli, nao walilijua hilo. Mtu hadanganyiki kwa muda mrefu juu ya jambo kama hilo.

Alipoona mambo yametengemaa akamwita mkewe, Josepha, aje kutoka Tabora. Siku chache kabla Josepha hajafika, rukwama iliyojaa mchele iliteleza mteremkoni ikamponda Melkiori mguu wa kushoto. Akalazwa hospitali.

Mguu ulimuuma, lakini kilichomnyima raha ni treni. Josepha hajapata kuona mji mkubwa kuliko Tabora. Atashuka, atatafuta uso wa mumewe, hatauona. Melkiori alijikumbuka mwenyewe siku ile aliposhuka, akageuza uso ukutani ili wagonjwa wenzake wasimwone.

Jioni ya siku ya treni mlango wa wodi ukajaa watu. Mbele alikuwa Josepha, nyuma yake Sitara, kisha wakwe wa Magomeni, vijana wa rukwama, na Saif mwenyewe amevaa kanzu ya Ijumaa. Josepha alikuwa na machozi na kicheko kwa pamoja.

"Mume wangu," alisema, "mbona hukuniambia kama huku una ndugu wasio na adabu? Nimeshuka tu, mama huyu ananijia mbele ya umati. Ananiambia, mpagazi wetu kavunjika mguu kwa mikosi yako, na wewe unakuja mikono mitupu, hata asali huna. Nikataka kulia. Halafu nikamsikia mmoja anacheka, nikajua ni watani."

"Ukamjibu nini?"

Sitara akadakia. "Kanijibu asali anayo kibuyu kizima, ila kwao nyuki hufanya kazi, na asiyefanya kazi halambi. Nikamkumbatia palepale. Mke umepata, Mnyamwezi, ingawa hukustahili."

Melkiori alicheka mpaka mguu ukamkanya. Chumba cha yeye na Josepha kilikuwa kimekwisha kupangwa, chakula kimepikwa kwa Sitara. Vijana wake walikuwa wamegawana safari zake, na hapakuwa na duka lililokosa mzigo.

Mguu ulipona, ila akawa anachechemea na hakuweza tena kuvuta. Wenye maduka hawakumwacha. Walimtaka awapangie wabebaji, kwa kuwa mtu aliyeletwa na Melkiori hakuhitaji kuulizwa. Akawa anakaa mbele ya ghala la Saif, na mgeni akishuka stesheni bila jina la kutaja, awe Mngoni, Mmakonde au Mhaya, alielekezwa kwa yule Mnyamwezi mwenye kuchechemea. Wengine walikaa kwake siku mbili, wengine mwezi. Josepha alinung'unika kwamba nyumba imekuwa stesheni ya pili. Kisha alikwenda sokoni na Sitara, akarudi na sufuria kubwa ambayo ilibidi ibebwe na watu wawili.